Picha Yangu Ukutani kwa Shibe Nyepesi

7 Agosti

Watu wa Machomane wanasema Jecha muongo. Haya. Kuanzia leo naandika, na tarehe naiweka juu, ili atakayesema nimetia chumvi nimfungulie ukurasa asome mwenyewe. Kalamu kanipa Asya, binti wa dada yangu Mwatum, mwalimu wa skuli. Mie skuli nimeishia darasa la sita, lakini lile la zamani, la bakora. Hawa walomaliza vyuo wananijia niwatungie barua za posa.

Msimu wa karafuu umeanza. Katika shamba la Sleiman, kule Wawi, mie ndiye mkubwa wa wachumaji. Mkarafuu wa upande wa bonde haupandwi na mtu mwingine. Mwaka jana nilifika kileleni nikaiona Tanga. Nikamuona mtu wa Tanga anakunywa chai. Ya rangi, bila ya maziwa. Sleiman alicheka mpaka akakaa chini. Acheke. Mikarafuu ni yake na kileleni hajafika.

9 Agosti

Jua kali. Nimechuma kuliko vijana wote. Kulala.

13 Agosti

Chake Chake limefunguliwa duka la chakula linaitwa Shibe Nyepesi. Wana maduka Dar es Salaam, wana Unguja, na sasa wametufikia na sisi. Rangi ya kijani kila pahala, mpaka sakafu. Ukutani wameandika herufi kubwa: HAPA HATUKAANGI. Kuku wanaokwa katika tanuri la umeme, chipsi vilevile, mkate wa rangi ya kahawia, na juisi ya matunda halisi. Meneja ni kijana, Azzam, wa ukoo wa hapahapa. Babu yake alikuwa na mashamba hutembei ukayamaliza. Kasoma Dar. Kanipokea kwa adabu.

"Karibu mzee wangu. Chakula chetu unakula, unashiba, na moyo haulalamiki."

Sasa, mwezi wa Juni hospitali waliniambia presha iko juu, niache mafuta na chumvi. Nilimjibu yule daktari kuwa sipokei amri kwa mtu nilomzidi umri. Lakini leo nimeiona njia: mtu anakula kuku na anamtii daktari kwa pamoja. Nimekula. Kitamu. Kitamu mno.

Jioni nimempigia simu Asya kumpa habari. Kanijibu, "Mjomba, dawa gani tamu namna hiyo?" Mtoto mbishi, kamrithi babaake.

20 Agosti

Leo nimempelekea Mwatum boksi la Shibe Nyepesi, kuku na chipsi na juisi yake. Mwatum ni mkubwa wangu, mume kafariki, anakaa Wawi. Asya anafundisha Kisiwa Panza, huja mwisho wa wiki, tena si kila wiki. Mwatum ana sukari, mwaka wa sita huu.

Hapa lazima nieleze habari ya sahani, maana atakayesoma huenda si mtu wa kwetu. Baina yangu na Mwatum iko sahani ya bati yenye maua, ya marehemu mama. Nikipata samaki nampelekea kwa sahani ile. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, basi hunirejea na muhogo, na mbaazi, na chochote kilichopo. Vyama vingi vilipoingia, mie nikawa chama hiki na yeye kile, na tukanuniana mpaka salamu tukakatiana. Hapa Pemba wako walosusiana mpaka mazishi. Sisi hatukuamkiana miaka, lakini sahani haikusimama. Ikija na muhogo laini, najua yu mzima. Ikija na muhogo umetiwa chumvi ya kuua, najua kasikia nilichosema mkutanoni. Ikichelewa siku mbili, naenda kuchungulia dirishani kama mwizi. Tumepitisha chaguzi ngapi tukisemezana kwa sahani.

Leo nimeiacha kabatini. Azzam kasema boksi halirudishwi, ukishakula unatupa. Nikamwambia Mwatum, "Hiki chakula cha watu wa presha na sukari. Kula bila ya hofu."

Kalishika boksi kwa mikono miwili kama kapewa kitoto cha watu. "Nikurejeshee na nini, Jecha?"

"Usirejeshe kitu, dada. Dunia imekwenda mbele."

29 Agosti

Mawingu asubuhi, jua mchana. Nimepanga na Azzam: kila siku pikipiki ya duka inampelekea Mwatum boksi lake mpaka mlangoni. Ndugu gani mwingine Pemba nzima anamlisha dadake kwa pikipiki? Mtajeni.

8 Septemba

Suruali inaniporomoka. Nimefunga mkanda kwa kamba ya kupandia mikarafuu. Nimepita dukani, Azzam kanitazama juu na chini.

"Mzee Jecha! Umepungua!"

"Chakula chenu hicho. Na nguvu zimezidi. Jana nimeshuka mtini na matawi mawili na mchumaji mmoja begani."

Kaita mpiga picha. Nimesimama nimeweka mikono kiunoni, kidevu juu, boksi mbele yangu. Wakanipa karatasi nitie saini. Nimetia, na nyota mbili pembeni, kila upande moja.

Sleiman, kwa husuda, kaniambia kambini kwa wachumaji, mbele ya vijana, "Yakhe, kila mchumaji hukonda msimu huu. Unapanda tangu alfajiri, unashuka magharibi. Hata punda wangu kakonda."

"Punda wako hali Shibe Nyepesi."

Vijana wamecheka. Nimeshinda mie.

17 Septemba

Niko ukutani! Bango la turubai, kubwa kuliko chumba changu cha kulala, nje ya duka pale juu ya baraza. MZEE JECHA: NIMEKULA, NIMEPUNGUA, NIMEPATA NGUVU. Ukuta ule ule ulokuwa ukibandikwa wagombea. Wao huchanwa kabla ya kura kuhesabiwa, mie nimening'inizwa kwa misumari.

Watu wananisimamisha njiani. Mwanamke mmoja wa Vitongoji kaniuliza kama mumewe mnene naye atapungua. Nimemwambia mumeo atapungua mpaka umtafute kitandani kwa tochi.

24 Septemba

Asya kaja kutoka Kisiwa Panza, na kanijia nyumbani kabla hajavua buibui.

"Mjomba, mama anakunywa maji mtungi mzima kwa usiku. Anainuka kila saa kwenda chooni. Namuuliza, anasema joto."

"Na kweli ni joto."

"Zile juisi ni tamu, mjomba."

"Ya matunda halisi, imeandikwa."

"Na muwa je? Hautoki shamba?"

Nikamwambia mie ndiye niloko ukutani au yeye? Kaniamkia tena, akaondoka. Asya akikuamkia mara mbili ujue kakasirika. Lakini nani kamsomesha huyu? Mwalimu hazidi mjomba.

3 Oktoba

Jua, mvua, jua, mvua. Karafuu zinaanikwa na kuanuliwa hata mara nne kwa siku. Wanawake wamechoka kuliko sisi wa juu ya miti.

6 Oktoba

Vilevile. Mwatum sijamuona wiki hii. Pikipiki inakwenda, basi mambo yako sawa.

11 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianze na mvua.

Ilikuja baada ya adhuhuri, bila ya upepo wala ngurumo, ghafla tu kama pipa limepinduliwa. Msimu huu mvua ikishuka, Wawi nzima ni ukelele mmoja: "Karafuu! Karafuu!" Kila mtu anakimbilia uwanja ulio karibu naye, wake na usio wake, hata wa mtu asiyesema naye. Mikeka inakunjwa, vipolo vya karafuu vinaburwa ndani, watoto, vizee, kila mtu. Mie nilikuwa nashuka kutoka shamba la Sleiman. Nikasaidia nyumba moja, nikasaidia ya pili. Nikapinda kwa Mwatum.

Mkeka umetandikwa. Karafuu zinaelea juu ya maji. Nyingine zimeshakwenda na mfereji, nyekundu nyekundu, mpaka njiani.

Nilisimama pale mvuani. Mwanamke wa Pemba anaweza kuacha chungu kikaungua. Anaweza kuacha mlango wazi akaenda arusini. Karafuu mvuani haachi. Haachi hata kama amegombana na dunia nzima.

Nimemkuta kitandani. Midomo imepasuka, anahema mbiombio kama mtu aliyekimbia, na pumzi zina harufu ya matunda yalooza. Kaniita kwa jina la baba. "Baba," anasema, "zianueni." Nikamwambia nimeshazianua. Uongo wangu wa kwanza nilousema bila ya kufurahi.

Na ukutani, kutoka sakafuni mpaka dirishani, maboksi. Boksi juu ya boksi, yameoshwa, yamepanguswa, kila moja na kifuniko chake. Mengine karatasi imelainika kwa maji, kayaunga kwa uzi. Hakutupa hata moja.

Wataniuliza nilimbeba vipi mpaka barabara kuu. Nilimbeba. Siongezi neno.

Ilipita gari ndogo imepakia magunia ya karafuu kavu, inakwenda kuyauza. Dereva hakuuliza kitu. Aliyashusha magunia yale yote mvuani, pembeni ya njia, akamlaza Mwatum nyuma na turubai juu yake. Sikumuuliza chama chake.

12 Oktoba

Hospitali. Dripu. Asya kavuka kwa mashua ya kwanza. Hakuniamkia hata mara moja.

13 Oktoba

Bado. Daktari, mwanamke mdogo tu, kaniuliza amekuwa akila nini. Nikamjibu wima kabisa, "Chakula cha afya."

"Na juisi?"

"Moja kwa siku. Siku za joto mbili."

Kafumba macho kidogo, halafu kaandika. Hakunisema. Bora angenisema, ningepata la kumjibu.

14 Oktoba

Kaamka. Kaomba maji, kanywa, kanitazama.

"Karafuu zangu?"

"Zimekwenda, dada."

"Zote?"

"Zote."

Kanirejeshea kikombe. Halafu, "Kilikuwa kitamu mno, Jecha. Tangu siku ya kwanza nilijua."

"Mbona ukala?"

"Kaleta ndugu yangu. Mkono wako nitaurudisha vipi? Na picha yako nimeoneshwa kwenye simu, umesimama kama waziri. Nikasema labda mie ndiye sijui." Kapumzika. "Ungeniletea kwa sahani, ningekurejeshea muhogo mkavu kama jiwe, ukajua nina neno. Boksi nikurejeshee na nini? Nimeyaweka nikingoja niseme."

Sikulia. Atakayesema Jecha kalia wodini, ajue paa lilikuwa linavuja.

17 Oktoba

Nimekwenda Shibe Nyepesi. Sikupita mlango wa wateja, nimepita jikoni. Mtu alobandikwa nje hazuiwi ndani. Azzam kanikaribisha, na mwenyewe, Mungu shahidi, kanifungulia kila kitu bila ya kuficha. Kwenye friza, kuku katika mifuko, wameganda, rangi ya dhahabu.

"Hawa mbona wameshaiva?"

"Wanakuja hivyo, mzee. Sisi tunawaoka wapate moto."

"Walipikwa wapi?"

"Kiwandani. Dar."

"Walipikwaje?"

Kakuna shingo. "Walikaangwa. Kidogo."

"Na nje mmeandika hapa hatukaangi."

"Hapa hatukaangi, mzee."

Nikamtazama usoni. Hatanii. Kijana anaamini kabisa. Nikauliza juisi. Kanionesha dumu la maji mazito ya rangi, yanachanganywa na maji ya kawaida. Matunda yamo, kasema, na sukari imo, lakini mwaka jana ilikuwa zaidi.

"Mzee Jecha, sikiliza. Tumepunguza. Chumvi tumepunguza, mafuta tumepunguza, mkate mweupe tumeuacha. Si uongo. Mama yangu mwenyewe anakula hapa."

"Mmepunguza kutoka wapi, mwanangu? Mie ni mpanda mikarafuu. Mtu akiwa kileleni, akashuka tawi moja, ni kweli ameshuka. Lakini bado yuko juu ya mti. Akianguka anavunjika vilevile. Na weye umemwandikia kuwa keshafika chini, aachie mikono."

Nikamwambia, "Teremsha picha yangu."

"Si yangu, mzee. Ni ya ofisi kuu. Na ulitia saini."

"Na nyota mbili," nikamwambia. "Basi ibaki. Tutaonana."

19 Oktoba

Nimechemsha muhogo, nimechemsha samaki, changu, kwa ndimu na pilipili, nimetia katika sahani ya mama. Nimekwenda nikakaa juu ya baraza ya Shibe Nyepesi, chini ya bango kabisa, kitwa changu chini ya miguu yangu. Nikaanza kula, taratibu.

Wa kwanza kijana na mkewe. Kanitazama mie, katazama juu, kanitazama mie. "Mzee, si ndiye wewe huyu?"

"Ndiye."

"Mbona huli cha ndani?"

"Huyo wa juu kakonda kwa kupanda mikarafuu alfajiri mpaka magharibi. Kuku alimkuta njiani tu akadandia. Weye unapanda mikarafuu?"

"Nauza simu."

"Basi kaa hapa, muhogo upo."

Azzam katoka, jasho linamtiririka. "Mzee wangu, utanifukuzisha kazi."

"Simtukani mtu. Simzuii mtu. Nakula chakula changu chini ya uso wangu. Mkitaka niondoke hapa, niondoeni kwanza ukutani."

21 Oktoba

Nimekaa.

22 Oktoba

Mvua. Nimekaa na mwavuli.

25 Oktoba

Mwatum karudi nyumbani. Asya kaomba ruhusa wiki moja awe naye. Leo Asya kaniamkia, mara moja. Shwari.

Sleiman kaja barazani na sahani yake ya mbaazi. Nikamuuliza umekuja kunicheka? "Nimekuja kula," kasema. "Na punda nimemfunga pale, naye ana haki, yeye alikonda bila ya boksi." Wamekuja na wengine wawili, mmoja wa chama changu, mmoja wa kile kingine. Tunagawana samaki. Wasichana wa skuli wakipita wanatutania: "Babu, chukua chipsi basi!" Nawajibu leteni mashavu yenu niyapime kwanza, chipsi zimeyavimbisha kiasi gani.

Si wote wanaosikia. Wengi wanaingia ndani wakinicheka, wanatoka na maboksi. Waingie. Kila anayepita analazimika kuwatazama Jecha wawili, na kuchagua wa kumuamini.

31 Oktoba

Azzam kaniletea chai barazani. Haina sukari. Kakaa karibu yangu, kaonja samaki wangu, kala muhogo vipande viwili. Kasema mama yake kapimwa. Hakusema zaidi, na mie, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuuliza.

Niliporudisha kikombe ndani nikaona kabandika karatasi juu ya pipa la juisi, kaandika kwa mkono wake: HII INA SUKARI. WENYE MARADHI YA SUKARI WASINYWE. Nilikuwa nimemuweka kijana yule katika fungu la waongo. Nimemtoa. Katika duka zima lile ndilo neno la kwanza la afya nimelisoma.

9 Novemba

Wamekuja wakubwa kutoka Dar, wawili, wenye viatu vya kung'aa. Wametukuta sita, sahani sita, na punda. Mmoja kaniuliza nataka nini.

"Sitaki kitu. Nakula."

"Tunaweza kukupiga picha mpya, mzee, na malipo."

"Mpya nitasemaje? Nimekula, nimepungua, nusura nizike?"

Wameingia ndani wamekaa kitambo. Walipotoka wakamuita fundi na ngazi. Msumari mmoja, mwingine, mpaka uso wangu ukakunjika pua ikalala juu ya kidevu. Watu wamepiga makofi. Nitasema kweli, iliniuma. Picha ilikuwa nzuri.

Karatasi ya Azzam nayo wameibandua. Walipoondoka kuelekea uwanja wa ndege, kaandika nyingine. Kubwa zaidi.

Bango nimelichukua mie. Hawakulitaka, na turubai zima halitupwi.

16 Novemba

Karafuu za mwisho. Sleiman kanipa mkarafuu wa bondeni niuchume kwa ajili ya Mwatum, badala ya zile zilizokwenda na mfereji. Nimeumaliza peke yangu. Tanga sikuitazama, nilikuwa na kazi.

Mwatum anakaa kizingitini anazichambua, mkono bado dhaifu, ulimi umeshapona. Nimempelekea changu wa kuchemsha kwa sahani ya mama. Imerudi na muhogo. Chumvi hamna hata chembe.

"Unaniadhibu?" nikamuuliza.

"Nakutunza. Presha yako nimeisahau?"

Nimekula wote mbele yake. Haupiti kooni. Nimekula.

Tukiwa pale wingu likaja juu ya mikarafuu, jeusi, na matone mawili yakagonga bati. Nikainuka. Mwatum hakuinuka. Alipiga ukelele ukafika barabara kuu:

"Asya! Lete Jecha!"

Asya katoka mbio na turubai la bango langu, tumelitandaza juu ya mkeka, mawe pembe nne, uso wangu juu. Mvua imenipiga puani, machoni, juu ya maneno yote yale, na chini yake karafuu za dada yangu hazikulowa hata moja.